Kitabu na Ubao Vilivyofungiwa Kabatini

Katika kabati la kanisa moja la mashambani, pamoja na mishumaa na daftari za hesabu ya sadaka, vimo vitu viwili visivyo vya kanisa. Kimoja ni kitabu cha hadithi alichokiandika C. S. Lewis, chenye habari za simba asemaye na za malkia mchawi aliyeifanya nchi iwe baridi siku zote. Cha pili ni ubao mfupi wenye magurudumu manne, ambao vijana huukanyaga kwa miguu yote miwili wakateleza nao juu ya sakafu ngumu. Mijini huitwa skeitibodi. Mwenye vitu hivi ni kijana wa miaka 16, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa la kipaimara. Twasema "aliyekuwa", kwa maana sasa hayumo. Wazee walikaa shauri, wakamtoa darasani, wakafunga kabati, nao ufunguo wanao.

Sisi walimu tulio karibu na jambo hili tumenyamaza miezi miwili, tukidhani ya kuwa hasira itapoa na mlango utafunguliwa. Haukufunguliwa. Basi twaandika. Hatuandiki ili tuwaaibishe wazee wetu, kwa maana ndio waliotushika mkono tulipokuwa hatujui hata herufi moja. Twaandika kwa sababu hukumu hii si ya haki, na hukumu isiyo ya haki ikiachwa huzaa nyingine.

Kwanza yatupasa kusema jinsi jambo lilivyoanza, kwa kuwa habari zimekwisha kupotoshwa njiani. Jioni moja ya umoja wa vijana, kila mmoja aliombwa aseme ni kitu gani kilichomfaa mwaka ule. Mmoja alitaja kwaya, mwingine kuku wake. Kijana huyu akasimama akasema ya kwamba vitu viwili vimemfaa. Hadithi za maajabu zimemfundisha kutumaini kitu asichokiona bado, na ubao wa magurudumu umemfundisha kuanguka bila kuona haya na kuinuka bila kungoja kuinuliwa. Lau angalikaa hapo, labda pasingalikuwa na neno. Lakini vijana ni vijana. Akaongeza ya kwamba asiyesoma hadithi hizo akili yake ni kavu, na ya kwamba alijifunza mengi zaidi juu ya ubao kuliko juu ya benchi la darasa. Hapo wazee wakanung'unika, na siku ya tatu yakatoka maneno mawili ya hukumu. Juu ya kitabu walisema, "Ni uongo." Juu ya ubao walisema, "Ni uhuni." Maneno haya mawili ndiyo tunayotaka kuyapima.

Tuanze na uongo. Uongo ni nini? Ni neno ambalo msemaji ajua si kweli, naye ataka msikiaji alishike kuwa kweli. Pasipo nia ya kudanganya hapana uongo. Sasa bibi zetu walipokuwa wakituhadithia jioni, walianza kwa neno gani? Walisema, "Paukwa," nasi tukaitikia, "Pakawa." Neno hilo ni kama hodi ya mlangoni. Latuambia sote ya kwamba sasa twaingia katika nyumba ya hadithi, na humo sungura atasema na fisi atajibu, wala hapana atakayedanganywa. Mwongo hapigi hodi. Mwongo huingia kimya, akavaa nguo za ukweli, akaketi katikati yetu.

Tena tusome Biblia, wala tusiisome nusu. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawahadithia watu wa Shekemu habari za miti iliyotaka kujitilia mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, na mti wa miiba ukakubali. Je, yuko mtu wa Shekemu aliyeuliza ni lini mizeituni ilianza kusema? Hayuko. Walijua vema ya kuwa Yothamu anamnena Abimeleki, aliyewaua ndugu zake. Kadhalika nabii Nathani hakumwendea Daudi kwa shutuma. Alimwendea kwa hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na mfalme akakasirika kwa ajili ya kondoo hata akajihukumu mwenyewe bila kujua. Shutuma ingalipigana na mlango uliofungwa; hadithi ilipita dirishani. Ikiwa hadithi ya kubuni ni uongo, basi na tuwaambie wazee wawaondoe Yothamu na Nathani katika Maandiko, kisha warudi kwa kijana wetu.

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Askofu Edward Steere, aliyekaa Unguja akijifunza Kiswahili kwa bidii nyingi, alikusanya hadithi za Waswahili, zenye majini na wanyama wasemao, akazipiga chapa London mwaka 1870. Hakuona ya kwamba zinamzuia kuifasiri Biblia. Alifanya kazi zote mbili kwa mkono ule ule. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea hewani. Mwaka wa pili akatoa Adili na Nduguze, na humo wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa ajili ya husuda yao. Ni nani aliyemwita Shaaban Robert mwongo? Tena twasema kwa heshima zote, ya kuwa mmoja wa wazee waliohukumu alikuwa mwalimu wetu, naye ndiye aliyetusomesha kitabu hicho cha Adili. Tulikaa mbele yake tukisoma habari za manyani wale wapigwao kila usiku, naye akatuuliza, "Husuda ni nini?" Hakutuuliza kama binadamu aweza kuwa nyani. Alijua wakati ule hadithi ni ya nini. Twamwomba akumbuke.

Na huyu Lewis, mwenye kitabu kilichomo kabatini, alikuwa nani? Alizaliwa Belfast mwaka 1898. Mama yake akashikwa na ugonjwa, na mtoto akaomba Mungu amponye. Lakini mama akafa mwaka 1908, mtoto akiwa na miaka tisa. Alipokuwa kijana aliitupa imani kabisa. Mahubiri hayakumfikia tena. Lakini mwaka 1916 alinunua katika kituo cha gari la moshi kitabu cha hadithi ya maajabu, kazi ya George MacDonald, Mskochi aliyepata kuwa mchungaji. Baadaye Lewis mwenyewe alishuhudia ya kwamba kitabu hicho kilimgusa kwa namna ya utakatifu ambayo hakujua jina lake. Alikwenda vitani akajeruhiwa mwaka 1918, akarudi, akawa mwalimu Oxford. Huko alifanya urafiki na J. R. R. Tolkien, Mkatoliki, ambaye naye alikuwa mtunzi wa hadithi za namna hiyo. Usiku mmoja wa Septemba 1931, walitembea pamoja na rafiki yao Hugo Dyson, wakizungumza juu ya hadithi za kale na juu ya Injili, hata usiku ukawa mwingi sana. Siku chache baadaye Lewis akamwamini Kristo. Kitabu cha simba alikitoa mwaka 1950, na simba yule hufa kwa ajili ya mtoto msaliti, kisha hufufuka. Msomaji mkristo hahitaji kuambiwa anasoma habari ya nani. Kitabu hiki ndicho kilichofungiwa ili kisiharibu kanisa!

Lakini wako wasemao, "Humo yumo mchawi, na uchawi si mchezo katika nchi yetu." Neno hili hatulipuuzi, ndilo zito kuliko yote waliyoyasema. Ni kweli, uchawi si mchezo. Hapa Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa tu, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu ule ni moshi wa meko waliyotupikia miaka hamsini. Lakini twauliza: ni hadithi gani iliyowaua? Hakuna muuaji aliyetoka katika kusoma habari za simba na malkia wa theluji. Aliyeua alitoka kwa mpiga ramli. Na mpiga ramli hasemi, "Paukwa." Yeye husema, "Ni jirani yako, nyumba ile, mama yule." Huo ndio uongo, wazee wetu! Huo ndio unaoingia bila hodi, nao unatoka na damu.

Twasema neno hili kwa uchungu. Mwaka jana mpiga ramli alipita vijijini mwetu, akapokelewa, akalishwa, na watu wakamlipa fedha. Hatukusikia mkutano ukiitwa. Hatukusikia kabati likifunguliwa ili vibuyu vyake vifungiwe humo. Kijana mwenye kitabu alihukumiwa kwa siku tatu, na mwenye ramli akaondoka na nauli. Je, ni kwa sababu kijana ni mdogo, na mwenye ramli anaogopwa? Kila mmoja ajijibu moyoni mwake.

Wala tusidhani ya kwamba kosa hili ni letu peke yetu. Mwishoni mwa mwaka 2001, katika mji wa Alamogordo huko Marekani, kanisa moja liliwasha moto likachoma vitabu vya Harry Potter mbele ya watu. Havikupungua duniani hata kidogo. Mtoto aliyeona moto ule hakujifunza kupambanua jema na ovu. Alijifunza kwamba watu wazima wanaogopa karatasi.

Sasa twende kwenye neno la pili, uhuni. Ubao huu ulitoka wapi? Ulianza California katika miaka ya 1950, kwa vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao ndefu. Bahari ilipotulia, walitafuta namna ya kuteleza juu ya nchi kavu. Magurudumu yao ya kwanza yalikuwa magumu mno, nayo yaliwaangusha kila yalipokutana na kijiwe. Katika miaka ya 1970 yakapatikana magurudumu ya namna ya plastiki laini ishikayo sakafu, na mchezo ukakua. Ukame ulipoingia huko mwaka 1976, mabirika ya kuogelea yalikauka, na vijana wakayageuza viwanja, wakipanda na kushuka katika kuta zake. Huo ndio ukoo wa ubao. Umezaliwa na watoto waliokosa mawimbi na kukosa maji, wakakataa kukosa furaha.

Uko pia mfano wa taifa zima lililouhukumu. Nchi ya Norwei iliukataza ubao huu kwa sheria tangu mwaka 1978, kwa kuogopa majeraha ya watoto. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa maana mifupa huvunjika. Lakini mwaka 1989 waliifuta sheria ile, na dola halikuona haya kuigeuza hukumu yake. Ikiwa taifa lenye mfalme na bunge liliweza kusema, "Tulizidi," baraza la wazee saba halishindwi.

Na mwaka 2021, mjini Tokyo, ubao ulikubaliwa kwa mara ya kwanza katika michezo ya Olimpiki. Msichana wa Japani, Momiji Nishiya, akashinda naye ana miaka 13. Lakini sisi hatutaki kuwasimulia habari za mshindi. Twataka kuwasimulia habari za aliyeshindwa. Misugu Okamoto, naye wa Japani, mwenye miaka 15, alikuwa bingwa wa dunia. Katika zamu yake ya mwisho hakuchagua njia rahisi. Alijaribu kushinda, akaanguka, akawa wa nne. Akatoka akilia. Ndipo wasichana waliokuwa wakishindana naye, watu wa nchi nyingine, wakamkimbilia, wakamkumbatia, wakamwinua mabegani mwao mbele ya ulimwengu. Wasomaji wetu, ni lini mara ya mwisho kwaya iliyoshinda ilimwinua mabegani mwimbaji wa kwaya iliyoshindwa? Tumehudhuria mashindano mengi ya kwaya, na tumeona mambo, hatutayaandika hapa.

Tena hapa karibu nasi mchezo huu si mgeni. Katika mtaa wa Kitintale, mjini Kampala, vijana walijijengea kiwanja cha saruji mwaka 2006. Nairobi, kwenye nyumba ya Shangilia inayolea watoto waliokuwa wakiishi mitaani, kilijengwa kiwanja mwaka 2013. Mhuni ni nani basi? Ni mtoto anayelala barazani akinusa gundi, au ni yule anayeshinda alasiri nzima akirudia jambo moja mara mia hata aliweze?

Twasema hivi kwa kuwa tumekwenda kutazama. Kijana wetu alikuwa akipanda ubao juu ya sakafu ya ghala la chama cha ushirika, pale watu wanapoanika mahindi wakati wa mavuno. Tuliketi ukutani jioni moja. Alijaribu kuruka na ubao kupita juu ya ufito. Akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Tulihesabu hata kumi na saba, tukaacha kuhesabu. Hakumlaumu mtu. Hakusema ya kwamba sakafu ni mbaya, wala ya kwamba amerogwa. Alitazama mguu wake ulivyokaa, akausogeza kidogo, akarudia. Mara aliporuka salama, watoto wadogo walipiga kelele, naye akampa ubao mtoto aliyekuwa karibu ili ajaribu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wazee. Tuliiona methali hiyo ikitendwa mbele ya macho yetu, na waliotufundisha methali hawakuwapo kuiona.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuonyesha jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Bwana atakaporudi kukaa ndani yake, alitaja vitu viwili: wazee walioketi njiani na fimbo zao mikononi, na njia zile zile zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Hakuweka wazee upande mmoja wa mji na watoto upande mwingine.

Sasa twageuka kwako wewe, mwanetu, kwa maana usidhani tumekuja kukusifu tu. Umekosa, na makosa yako twayajua. Ulisema akili ya asiyesoma hadithi hizo ni kavu. Bibi yako hajui kusoma, naye ndiye aliyekupa hadithi za kwanza ulizozipenda. Basi umemtukana bila kujua. Ulisema ubao wakufundisha kuliko darasa, na kitabu unachokipenda ungalikisomaje kama si benchi lile lile unalolidharau? Tena si kila hadithi ya maajabu ni njema. Ziko zinazofurahia damu, na ziko zinazomfundisha msomaji ya kuwa mwenye nguvu ana haki. Pima kila kitabu kwa matunda yake, kama tuwaombavyo wazee wapime chako. Na zaidi ya yote, siku ile uliposhuka na ubao mteremko wa barabara ya lami, malori yakipita, ulikosa sana. Mama yako alikuwa anakuja kutoka kisimani, akaona. Ushujaa si kumfanya mama atupe ndoo yake akimbie. Sky Brown, msichana wa Uingereza aliyepata nishani ya shaba Tokyo akiwa na miaka 13, alianguka mwaka mmoja kabla akavunjika fuvu la kichwa. Alikuwa amevaa kofia ngumu, na baba yake alisema kofia ile ndiyo iliyomwokoa. Basi vaa kofia, uiache barabara, uwaombe wazee radhi kwa maneno yale. Kuomba radhi nako ni kuanguka na kuinuka.

Kwenu, baba zetu, twaomba mambo matatu. La kwanza, kisomeni kitabu kabla ya kukihukumu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na wasiojua lugha hiyo wasisikitike. Sisi tutakuja kila Alhamisi jioni kuwasomea kwa Kiswahili, sura kwa sura, hata mwisho. Kisha hukumuni, nasi tutasikia. La pili, njoni mtazame sakafu ya ghala jioni moja, na mkiona inafaa, mpangeni saa na masharti, mahindi yakiwa hayapo. La tatu ndilo kubwa. Askofu huja kwetu kuweka mikono mara moja katika miaka miwili, na siku zake zimekaribia. Kijana akiachwa nje safari hii, atangoja miaka miwili. Na sisi tulio walimu twajua, kwa kuwahesabu, ni wangapi waliofungiwa mlango miaka miwili wakarudi kubisha. Ni wachache mno. Wengine tunawaona mjini, wakijificha wanapotuona.

Tumefundishwa na ninyi ya kwamba mchungaji aliwaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Huyu wetu hakupotea. Alikuwa zizini, akicheza, na sisi ndio tuliomtoa. Ufunguo uko mikononi mwenu. Hatuombi mtupe sisi. Twaomba mfungue ninyi wenyewe, ili kijana aione mikono iliyofunga ndiyo iliyofungua.